Kuni Mbele ya Mlango

Kule Lweba, kando ya ziwa, Anastasie hakuwahi kuumiza kichwa kwa ajili ya kuni. Mzigo mmoja wa kichwani, bugali unaiva, vidagaa vya ndakala vinaiva, na kuni bado zipo. Lakini vita vilipowafukuza ziwani wakapanda mpaka huku juu mlimani, akakuta nyumba inakula kuni kuliko wenye nyumba. Mzigo ulioingia jioni uliamka majivu, na mama mkwe wake, Mama Immaculée, anatetemeka na kukohoa ndani ya blanketi.

Alimpenda bibi huyo, pamoja na ukali wake wote. Mume wake, Placide, aliposhuka Misisi kutafuta kazi machimboni, alimwachia neno moja tu: mtunze mama. Sasa kiangazi kilikuwa kinakaribia, na huko juu kiangazi ndicho msimu wa baridi, baridi isiyo na huruma. Anastasie aliogopa, aliogopa sana, kwamba atamzika mzee wa watu mbali na ziwa lake.

Ndipo akamwendea Kabanyana, jirani mwenye ng'ombe, aliyezaliwa ndani ya ukungu wa mlimani.

"We unakadiria kuni ya chungu," Kabanyana alimcheka. "Huku tunakadiria kuni ya mifupa ya muzee. Panga mbele ya mulango, kule upepo inaingilia. Ukikaa ndani na unaona bado ng'ombe yangu, kuni haiyatosha."

Basi Anastasie akaazima shoka na kazi ikaanza. Magogo mazito ya mikaratusi chini, juu ya mawe yasinywe maji. Membamba juu yake, maganda yakitazama mbingu. Mikono ikatoka malengelenge. Mama Immaculée alichungulia kila mara na kutoa taarifa: "Ng'ombe bado naona! Ile nyekundu!"

Hatimaye, mchana mmoja, pembe ya mwisho ya ng'ombe ikapotea nyuma ya kuni. Mama Immaculée alikuwa amelala. Anastasie akajitupa chini uani, mikono kichwani, akaguna kwa uchovu na furaha.

Kwa bahati mbaya, wakati huohuo Casimir alikuwa anapita mlima wa pili. Casimir, muuza chumvi, naye mkimbizi wa Lweba, alikuwa na miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Akaona magogo makubwa mbele ya nyumba, na mwanamke chini, mikono kichwani. Kwa watu wa ziwani, magogo uani ni moto wa kilio, hakuna maana nyingine. Na nyumba ile ilikuwa na bibi mgonjwa. Akauliza? Casimir hajawahi kuuliza kitu maisha yake yote. Akakimbia kueneza habari.

Kabla jua halijashuka, njia yote ililia. Wakimbizi wenzao wa Lweba walipanda, wanawake vitenge viunoni, wanaume kila mmoja na gogo begani, maana haendi mtu matangani mikono mitupu. Marthe, aliyeimba naye kwaya zamani, akamwangukia Anastasie shingoni.

"Pole, mama! Mama Immaculée alikuwa muntu! Muntu kweli!"

Anastasie akageukia mlango. Tangu mchana hakusikia kikohozi ndani. Je, hawa wamejua kitu asichokijua yeye? Akajing'oa mikononi mwa Marthe, akakimbilia chumbani. Mkeka ulikuwa mtupu.

Akatoka anapiga yowe. Wanaume walikwisha kuwasha moto mkubwa kwa kuni zake mwenyewe, na hapo motoni, katikati ya waombolezaji, alikaa Mama Immaculée, amejifunika blanketi, anafuta machozi.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

"Nyamaza, mutoto. Iko kilio."

"Kilio ya nani?"

"Siyauliza bado."

Marthe alimwona, akaruka. Wengine wakarudi nyuma.

"Basi, nani njo alikufa?" bibi akauliza.

"Ni... ni we, Mama," Casimir akajibu kwa sauti ndogo.

Mama Immaculée akacheka mpaka blanketi likaanguka. Uwanja mzima ukacheka naye, isipokuwa Anastasie, aliyekuwa anatazama jasho lake likiungua.

"Kuni yangu!" alifoka. "Ile ni kuni ya kiangazi!"

Casimir, kwa aibu, akanyanyua gogo lake ajiondokee.

"Weka chini!" bibi akamkemea. "Kuni ya kilio hairudiake ku nyumba. Unataka kutuletea mukosi?"

Nani angethubutu? Magogo yote waliyokuja nayo yakapangwa ukutani, moja juu ya lingine, yakafika paani, yakazunguka kona. Kabanyana alikuja kuona kelele ni za nini, akabaki mdomo wazi.

Mama Immaculée alinyoosha mikono motoni. Haikutetemeka.

"Sikilizeni," alisema. "Siku nitakufa ya kweli, mutakuya kunililia ku Lweba. Kule kuni kidogo itatosha."

Anastasie alicheka, kisha akalia, hakujificha. Akavuta gogo jingine, akalisukuma motoni karibu na miguu ya bibi.