Mstari wa Jumatano

Mimi ni mlinzi wa geti katika kituo cha afya hapa kwetu, upande wa Bahi. Niliishia darasa la nne. Mambo ya kompyuta nimeyajua kwa kuumia.

Kituoni zipo kompyuta tatu na faili moja la wagonjwa. Faili lenyewe linakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, hizo nyingine zinalifungua kwa waya. Mtandao ukiwa mzito, Daktari Meshack, mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, alikuwa hangoji. Analinakili kwenye flashi, anakwenda nalo ofisini kwake kuandaa ripoti, akimaliza analirudisha juu ya lile lililopo. Anakaa nalo siku tatu, siku nne, anavyotaka yeye. Waliyoandika wenzake katikati yanafutika. Nani amwambie? Ni mkubwa.

Mke wangu Sidonia alipimwa, sampuli ikapelekwa mjini. Majibu yakarudi Jumatano. Angelina wa mapokezi akayaandika kwenye mstari wake ili nesi wa zamu anipigie simu. Asubuhi ile nilimfungulia Angelina geti, jioni nikamfungulia tena. Hakusema kitu, maana ukutani pana tangazo la Meshack mwenyewe: majibu hayatolewi getini. Ijumaa Meshack akarudisha faili lake alilolichukua Jumanne. Mstari wa Sidonia ukawa mtupu. Simu haikupigwa, na sisi nyumbani kimya kile tukakiona ni heri. Baada ya miezi mitano nilimzika.

Ripoti yao iliyokwenda wilayani ilisema mgonjwa hakufuatilia majibu. Sidai kingine. Neno hilo tu liondoke.

Mwezi uliopita alikuja binti wa kompyuta kutoka ofisi za serikali Mtumba, Ikram, kuwafundisha wafanyakazi. Niliitwa kubeba meza, nikabaki mlangoni.

"Faili halihamishwi," Ikram alisema. "Linabaki pale pale, kila mtu analifungua lilipo. Mmoja akiwa anaandika kwenye mstari wa mgonjwa, mstari huo unafungwa kwa wengine mpaka atoke. Na kila jioni mnatoa nakala ya akiba yenye tarehe."

"Kama kisima cha korongoni," nikasema. "Mwenye zamu anachomeka fimbo yake. Fimbo ikiwepo, mwingine hachoti."

"Mzee Matonya naye mtaalamu," Meshack akasema. "Tukuvue hilo koti tukupe la kwangu?"

Watu wakacheka.

"Lakini ndivyo ilivyo," Ikram akasema. "Mzee ameelewa."

Angelina hakucheka. "Mimi nina nakala," akasema. "Ya Jumatano ile. Umeme ulikuwa unakatikakatika, nikaihifadhi pembeni kwa jina jingine."

"Jumatano ipi?" Meshack akauliza.

"Unaijua, daktari."

Ikram akaifungua. Mstari ulikuwepo, umejaa.

"Hiyo ya zamani," Meshack akasema. "Sahihi ni hii tunayoitumia. Ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho kuhifadhiwa, ndiyo," Ikram akasema. "Haimaanishi ina kila kitu."

Akakaa mapokezi, akaanza kuyaandika upya majibu kwenye faili la wote. Meshack akaingia ofisini kwake. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona anafungua jina lile lile. Kioo cha kompyuta kikamletea maneno ya kumkatalia. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Binti," akaita, "hebu toka kwenye huo mstari."

"Bado naandika, daktari."

Nikamsogelea Ikram, nikamuuliza utafungwa mpaka lini.

"Mpaka niinuke, mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Nikiinuka, yeye anaweza kubadilisha. Cheo chake kinamruhusu."

Sikushangaa. Kisimani pia ni hivyo, ukiondoka unaondoka na fimbo yako.

"Basi nichapie kwenye karatasi kabla hujainuka."

Akachapa. Angelina akaweka sahihi yake na tarehe. Alitaka kuniambia kitu, nikamwambia aache. Mhuri anao Meshack, sikuuomba.

Nilidhani nikiishika karatasi ile nitalia, au nitapumua. Sikusikia chochote. Nilirudi getini, nikakaa kwenye kiti changu, nikaisoma kwa kidole, neno moja moja. Sidonia Matonya. Majibu yamerudi. Apelekwe hospitali ya mkoa ndani ya wiki hii. Apigiwe mume wake, ndiye mlinzi wetu wa geti.

Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati. Kesho yake niliipeleka wilayani, ilikokwenda ripoti yao. Karani akaipokea, akaniambia nitapigiwa simu.

Lakini siku ile ya kuchapwa karatasi, saa kumi jioni, Meshack alipiga honi getini. Nikamfungulia.