Shoo ya Pikapu

Obadia alimgonga bi Maryamu, mama mzazi wa Chausiku, kwa pikapu, alfajiri, kati ya Mazinde na Mombo, na hakusimama. Mama aliishi saa tano tu baada ya hapo.

Bi Maryamu alikuwa ametoka Handeni kwenda Mazinde kumzika dada yake. Matanga yalipokwisha alidamka kuwahi basi, akawa anatembea kando ya lami na kapu lake kichwani. Wakata mkonge ndio waliomwokota mtaroni. Ulimi wake ulikuwa mzima na akasema maneno ya kutosha: pikapu nyeupe, kwenye shoo imeandikwa Watasema Sana. Shoo ni ile sura ya plastiki iliyoko mbele ya gari, kati ya taa mbili, na wenye magari hupenda kubandika maneno hapo.

Kutoka Mazinde kwenda Mombo barabara ni moja. Askari walikuwa Mombo asubuhi ile, wakasimamisha kila gari, na pikapu nyeupe haikupita. Obadia, mfanyabiashara wa tangawizi wa Kwashemshi mwenye pikapu nyeupe, alipoulizwa alisema usiku kucha alikuwa nyumbani na gari lilikuwa uani. Watu watatu waliandika maelezo kumuunga mkono. Mmoja wao alikuwa Elina, dada yake, mjane aliyekuwa akiishi kwenye nyumba yake. Mwezi haukuisha pikapu ikapakwa rangi ya buluu na kufungwa shoo mpya isiyo na neno. Watu wakanong'ona, lakini mnong'ono haupelekwi mahakamani. Jalada likalala.

Baba yake Chausiku, mzee Athuman, alimwambia binti yake, "Muachie Mungu, mwanangu. Yeye atalipa."

Chausiku alimuachia Mungu miaka miwili. Akaona anachelewa.

Mwaka wa tatu alikuwa Korogwe, kwenye chuo kinachofundisha vijana kupiga picha na kutengeneza filamu. Mwalimu wao alikuwa Evodia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnadani, akawapa kazi ya kumalizia muhula: mwanzo wa filamu ya uhalifu, dakika tatu, si zaidi.

"Sura ya mhalifu nisiione," alisema. "Nionyesheni mkono, kiatu, gari. Mtazamaji abaki anauliza ni nani. Ukimwambia mapema, anasinzia. Mkimaliza mtaionyesha mbele ya watu na watu watajaza karatasi za tathmini. Si mimi nitakayewasifu. Mimi sisifu mtu."

Kundi lilitakiwa liwe na watu watatu. Chausiku alimchukua Shadya, msichana mrefu ajuaye kuigiza, na akamchukua Yordani ashike kamera. Darasa likacheka chinichini, wakidhani anamtaka. Yordani mwenyewe alidhani hivyo. Alikuwa kijana mpole, wa kubeba mizigo ya wenzake bila kuombwa. Chausiku alimchukua kwa sababu moja tu, kwamba mama yake ni Elina na mjomba wake ni Obadia.

Walipanga kwa wiki nzima. Chausiku alichora visanduku kwenye daftari, kila kisanduku picha moja: mwanamke na kapu, mwanga wa taa, tairi, kanga juu ya lami, halafu gari likinyoosha kwenda Mombo na kupotea.

"Hii umeitoa wapi?" Shadya aliuliza.

"Kichwani."

"Kichwa chako kinatisha. Na gari tutalitoa wapi?"

Chausiku akamtazama Yordani. Yordani akafurahi kuwa na cha kutoa. "Mjomba ana pikapu," alisema. "Anapenda kuonekana huyo. Ukimwambia kamera, anachana nywele."

Walipanda Kwashemshi siku ya Jumamosi. Obadia aliwapokea barazani, miwani ya jua usoni na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo mjomba," alisema Chausiku, na neno lile lilimkwaruza kooni kama mwiba wa dagaa.

"Marahaba. Kumbe ninyi ndio watu wa sinema. Mbona mmekonda hivyo, filamu hazilipi?"

"Bado hazijalipa, mjomba. Tunaomba gari, na wewe mwenyewe uendeshe. Sura haitaonekana, ila jina lako litaandikwa."

"Jina kubwa au dogo?"

"Kubwa."

"Basi nitaendesha." Akamgeukia mpwa wake. "Huyu ana akili, Yordani. Usimwache akaolewa na mwalimu."

Hakumjua. Hakuwahi kufika msibani, hakuwahi kuuliza marehemu ameacha nani.

Kwa siku zote za kazi walikula kwa Elina. Alikuwa mama wa kuchekacheka, mwenye mikono isiyotulia, na ugali wake na kisamvu ulimfanya Shadya alegeze mkanda. Alimpenda Chausiku tangu siku ya kwanza kwa sababu aliosha vyombo.

"Kwenu Handeni upande gani, mwanangu?"

Chausiku alitaja kijiji kisicho chake.

"Na mama hajambo?"

"Alishafariki."

"Pole, mwanangu. Basi mama ndiyo mimi." Akamwongezea kisamvu.

Chausiku alikula. Alikuwa anautazama ule mkono wenye mwiko akikumbuka kwamba ndio ulioweka sahihi. Alimaliza sahani yote, akashukuru, na moyo wake haukulegea hata kidogo.

Siku ya kupiga picha ya gari waliondoka gizani, wakafika karibu na Mazinde kabla jua halijatoka. Shadya alivaa kanga ya marehemu bi Maryamu, ile ile, iliyofuliwa mara saba na bado ina doa. Obadia aliiona na hakugutuka. Kwake ilikuwa kanga tu.

Chausiku na Yordani walipanda nyuma ya pikapu na kamera. Maelekezo yalikuwa mepesi: akishampita Shadya anyooshe mpaka kwenye jiwe walilolipaka chokaa, kisha asimame. Chausiku hakutaka zaidi ya hapo. Mpango wake ulikuwa gari la Obadia lionekane, watu wakumbuke, kijiji chake kimtemee mate.

Lakini Obadia alikuwa dereva wa miaka ishirini, na dereva wa namna hiyo havumilii kuelekezwa vibaya na watoto. Alimpita Shadya, akaenda kama mita mia mbili, kisha akakata kushoto ghafla na kuingia kwenye njia ya mkonge ambayo kutoka barabarani haionekani.

"Mjomba, tumesema unyooshe," Yordani alipaza sauti akiligonga paa.

Obadia akatoa kichwa dirishani. Alikuwa anacheka. "Nyie watoto hamjui kitu. Mtu aliyegonga hawezi kunyoosha Mombo. Mombo kuna askari. Hiyo filamu yenu watu wataicheka. Mtu anakata hapa, anafuata mistari ya mkonge, anatokea kule chini ya milima. Hakuna wa kumwona. Piga picha, piga."

Taa ya kamera ilikuwa nyekundu. Chausiku alimkamata Yordani bega asije akaizima.

Pikapu ilipita katikati ya mkonge, ikakwepa karavati bovu la kupitishia maji kabla hata halijaonekana, ikakata kulia penye kisiki. Obadia hakupunguza mwendo wala kukisia. Mwishowe alisimama kando ya shimo la zamani, lililochimbwa na mwenye shamba kukinga maji na likaachwa.

"Hapa ndipo angesimama," alisema akishuka na kujinyoosha mgongo. "Angekagua gari. Kilichovunjika angekiacha humu, mambo yakaisha. Hiyo ndiyo filamu, siyo yale ya kwenu."

"Asante, mjomba," alisema Chausiku. "Umetusaidia sana."

Walipokaribia Mombo wakirudi, Yordani aliuliza, "Amejuaje karavati ni bovu?"

"Dereva mzoefu," alijibu Chausiku. Yordani akaipokea kauli ile, kwa sababu aliyeisema ni Chausiku.

Siku mbili baadaye Chausiku alirudi shimoni na Shadya, kamera na jembe. Yordani hakuambiwa. Walichimba matope makavu mpaka jembe likagonga plastiki. Ilikuwa shoo nyeupe, upande wa kulia imevunjika, na upande wa kushoto herufi nyeusi zilikuwa bado zimeshika: WATASE.

Shadya alikaa chini kwenye udongo. "Chausiku. Hii filamu ni ya nani?"

Chausiku akamweleza yote, tangu kapu mpaka sahihi tatu. Shadya alisikiliza akiikunja ile kanga aliyokuja nayo. Alipomaliza kuikunja akasema, "Mwambie Yordani kabla ya kuonyesha."

"Nikimwambia, atamwambia mama yake. Mama yake atamwambia kaka yake."

"Na usipomwambia?"

"Shika kamera," alisema Chausiku. "Anza kwenye mikono yangu."

Hiyo ndiyo ikawa picha ya mwisho: mikono ya mwanamke ikipangusa udongo, herufi zikitokea moja baada ya nyingine. Chausiku alihariri peke yake, akaweka sauti ya Obadia kama ilivyo, bila sura, ile ya "Nyie watoto hamjui kitu." Asubuhi ya maonyesho aliipeleka shoo polisi pamoja na picha yote ya njia ya mkonge, bila kukata, akaomba kitu kimoja tu, wasimchukue mtu mpaka karatasi zijazwe. Askari mpelelezi alimtazama sana, kisha akasema atakuja kuangalia hiyo sinema.

Ukumbi wa chuo ulijaa watu sitini na nne. Obadia alikaa mstari wa mbele kwa suti, Elina pembeni yake na gauni la kanisani. Mzee Athuman alitoka Handeni na ndugu wanane, wakakaa nyuma bila kujua wanachokwenda kuona.

Zilikuwa dakika tatu. Kanga ilipotokea, mzee Athuman alisimama, kisha akakaa. Sauti iliposema mtu anakata hapa, watu wa Kwashemshi waliokuwa ukumbini waligeuza shingo kumtazama mwenye sauti. Obadia alikuwa bado anatabasamu, anangoja jina lake. Likaja shimo, ikaja mikono, zikaja herufi. Tabasamu lilibaki mdomoni likiwa halina mtu. Baada ya herufi likaja jina lake, kubwa kama alivyoahidiwa: Dereva, Obadia.

Taa ziliwashwa. Mwalimu Evodia, ambaye hakujua lolote, aligawa karatasi kwa sauti yake ya mnadani. "Swali la kwanza, picha. La pili, sauti. La tatu, mhalifu ni nani na umemjuaje. Jazeni kwa ukweli, hapa hatuoneani haya."

Kalamu zikaanza kukwaruza. Elina hakuandika. Alikuwa amegeuka anamtazama Chausiku, mikono yake kwa mara ya kwanza imetulia.

"Yule alikuwa mama yako," alisema.

"Ndiye."

"Ulikula kwangu siku zote zile."

"Nilikula, mama. Nilikuwa nangoja uniambie."

Obadia alisimama kutaka kutoka. Mlangoni alikuwapo askari mpelelezi, amevaa kiraia, akamwomba kwa adabu amalizie kujaza karatasi yake kwanza. Hakuijaza. Waliondoka pamoja. Elina alifuatwa nyumbani siku ile ile aje kueleza maelezo yake ya zamani.

Chausiku alikusanya karatasi mwenyewe. Kwenye swali la tatu, hamsini na tisa ziliandika jina la Obadia. Ya baba yake iliandikwa, Mungu amrehemu Maryamu, basi. Moja ilikuwa na neno moja tu, mwandiko alioujua kwa sababu ndio ulioandika namba za picha zao zote: Mjomba.

Alimkimbilia nje. Yordani alikuwa anafunga begi la kamera, taratibu, kila kitu mahali pake.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungenizuia."

"Labda. Labda ningekushikia jembe. Hukutaka kujua." Akamkabidhi begi. "Lenzi ina vumbi. Ipanguse kabla ya kurudisha."

Chuoni kazi haiishi mpaka mwanafunzi ajaze fomu yake mwenyewe ya tathmini. Chausiku alikaa nayo miezi miwili, Mwalimu Evodia akidai. Palipoulizwa kama angerudia angebadilisha nini, aliandika kwamba mwanga wa alfajiri ulikuwa hafifu. Ukurasa wa mwisho ulitaka gharama: kila kilichotumika na kila kilichopotea, kwa idadi. Alijaza kwa kalamu ya wino, bila kufuta.

Siku za kupiga picha, tano. Betri iliyokufa, moja. Kanga ya mama, moja, iko polisi kama kielelezo pamoja na shoo. Pikapu moja, iko uani kwa polisi, tairi mbili zimelala. Obadia, yuko mahabusu, kesi imetajwa mara tatu. Elina, ameshitakiwa kwa maelezo ya uongo, yuko nje kwa dhamana, amefukuzwa na mawifi zake kwenye nyumba ya kaka yake, anauza mahindi ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi pale Mombo. Shadya, anasalimia tu. Yordani, ameacha chuo ukiwa umebaki muhula mmoja, anambebea mama yake ndoo. Nimepita Mombo mara nne kwenda Mazinde kwenye kaburi la mama, kando ya dada yake, na kurudi. Mara zote nne nilikaa upande wa pili wa basi.