Kizingiti cha Nyumba ya Muhdhar

Mzee Adelard hakuwa na gari. Hakuwa na kiwanja Kinyerezi kama wenzake waliostaafu naye bandarini, wala tangi la maji, wala magego ya kutafunia mahindi ya kuchoma. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na vyeti vya masomo ya jioni, akavitia fremu na kuvitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asivione. Sauti ya kuimba hakujaliwa. Subira alijaliwa kidogo, ikaisha mapema. Na zaidi ya yote hayo, hakuwa na uwezo wa kumwona mtu akipigilia msumari kwenye ukuta wa zamani halafu akanyamaza.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa nyumba ya Muhdhar, pale Temeke. Marehemu Mzee Muhdhar, muuza nafaka na vitambaa, aliijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa wakati majirani zake walikuwa bado wanakandika udongo. Mbele aliweka baraza mbili za kukalia, moja kila upande, na katikati ngazi za kupandia hadi kwenye mlango mkubwa uliochongwa maua na minyororo. Chini ya mlango kulikuwa na kizingiti cha mbao nene, kimeinuka kiasi kwamba anayeingia sharti anyanyue mguu kama anayeruka mfereji.

Miaka ile watu wazima walipohimizwa kusoma, Mzee Muhdhar aliitoa sebule yake ya mbele iwe darasa la jioni. Adelard alikuwa kijana mgeni kutoka Bukoba, mpakuzi wa magunia. Aliingia mle hajui neno moja la Kiingereza, akatoka karani. Ndiyo maana aliipenda nyumba ile kama watu wengine wanavyompenda mjomba aliyewalipia ada. Alipostaafu aliunda kamati ya kuitunza, akaandika barua baada ya barua, mpaka nyumba ikaingizwa kwenye orodha ya majengo ya kale. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kugusa uso wake bila kibali, na Mzee Adelard alilitangaza jambo hilo mtaani kama mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mjukuu.

Lakini nyumba kuwa kwenye orodha hakumzuii mwenyewe kuiuza. Mwenyewe alikuwa Bi Wahiba, binti wa Muhdhar, aliyehamia Kipawa kwa mwanawe Nawal baada ya ugonjwa wa sukari kumpokonya mguu mmoja na kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Azan, mtoto wa kaka yake aliyeko Muskati, alikuwa ameshapata mnunuzi mwenye tamaa na kiwanja na subira ya kungoja kuta zianguke zenyewe. Kamati nayo ilikuwa imemwomba Bi Wahiba nyumba iwe maktaba na darasa la mtaa. Bi Wahiba hakumkatalia Azan wala hakuikubalia kamati. Alitoa sharti.

"Siku nikitaka kuja kwetu," alisema kwenye simu, "niingie mwenyewe. Sitaki kubebwa kama gunia la mchele."

Kamati iliona sharti hilo ni jepesi. Mbele hapaguswi, lakini nyuma, upande wa uani, kulikuwa na ukuta wa matofali ya juzijuzi usio na thamani kwa yeyote. Tena mlango wa uani ndio mlango wa wanawake tangu enzi za Muhdhar. Wanaume barazani, wanawake uani, na kila mtu na stara yake.

"Na ndiyo heshima," alisema Stanley, mwanakamati aliyekuwa mwalimu. "Bibi mtu mzima kama yule, umpitishe mbele ya wanaume waliokaa wanacheza bao?"

Wote wakaona Stanley amesema jambo la maana. Fundi Jabiri akajenga mteremko wa saruji huko nyuma, laini kama sahani, na vyuma vya kushikilia vilivyopakwa rangi ya kijani. Mzee Adelard aliukagua kwa kupanda na kushuka mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wakapika pilau. Wakamwalika mwenye nyumba.

Bi Wahiba alikuja na buibui jipya na miwani ya jua. Nawal alimshusha garini, akamkalisha kitini, na majirani wakampokea kwa vigelegele. Alitazama mlango wa mbele kwa muda mrefu. Kisha Stanley akashika mipini ya kiti na kuanza kumsukuma kuelekea kwenye uchochoro.

"Wanipeleka wapi?"

"Nyuma, bibi. Tumekujengea njia."

Kiti kikazunguka kona. Walipita pipa la taka, wakapita kamba ya nguo za wapangaji wa jirani. Walipofika mbele ya ule mteremko wenye vyuma vya kijani, Bi Wahiba alibana magurudumu kwa mikono yake miwili.

"Huku ni uani."

"Ndiyo, Bi Wahiba," alisema Mzee Adelard, akitabasamu, maana alidhani anashukuriwa. "Mlango wa akina mama."

"Najua ni mlango wa nani. Umri wangu wote nimepita hapa. Nimepita na ndoo, nimepita na kuni, nimepita na wanangu mgongoni. Leo nyumba ni yangu, na nyie wazee wazima mmekaa mkafikiri, mkaona mnirudishe palepale?" Akamgeukia binti yake. "Nawal, twende zetu."

"Mama, kuna pilau."

"Wale wao."

Na wakaondoka. Pilau ililiwa, lakini kimyakimya, kama ya msibani.

Nyumbani, Mzee Adelard alimweleza mkewe Kokuberwa mkasa wote, akitarajia kuhurumiwa. Kokuberwa alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho.

"Baba Gladness, siku uliponioa, mlinipitisha wapi nilipofika kwenu?"

"Mlango mkubwa. Ungepita wapi?"

"Mngenipitisha jikoni ningerudi kwetu siku ileile, na ng'ombe wenu mngewafuata wenyewe."

"Lakini mbele hapaguswi! Mimi ndiye niliyeandika zile barua!"

"Basi nenda kamwambie hivyo. Mwambie nyumba inamstahi Adelard kuliko inavyomstahi yeye."

Kesho yake akavaa koti lake la kwenda ofisini, ingawa hakuna ofisi, akapanda bodaboda hadi Kipawa. Nawal alimfungulia mlango. "Shikamoo, mzee. Ingia, lakini leo ameamka vibaya." Ndege ilikuwa inapaa juu ya paa, ikambidi Mzee Adelard asubiri kelele zipite ndipo aitikie.

Bi Wahiba alikuwa dirishani na kikombe cha kahawa.

"Nshomile amefika, msomi wetu wa Bukoba," alisema. "Umekuja kunipeleka uani tena?"

"Nimekuja kukueleza, Bi Wahiba. Ule mlango, zile nakshi, kile kizingiti, vikikatwa havirudi. Na zile baraza ni sehemu ya nyumba. Ile ya kulia ndiyo niliyokuwa nakalia nikisubiri darasa lifunguliwe. Nilisomea pale kitabu changu cha kwanza."

"Ulikalia baraza."

"Ndiyo."

"Na mie nilikalia nini?"

Mzee Adelard hakuelewa swali.

"Nilikalia ndoo," alisema Bi Wahiba. "Ndoo imepinduliwa, kwenye ule ukumbi wa ndani, nyuma ya pazia la darasa lenu. Kila jioni. Mama akijua, baba akijua, na wote wakijifanya hawajui. Hebu nambie, mtu akikosea hesabu, mlikuwa mnasikia nini?"

Mzee Adelard alifikiri. Halafu uso wake ukabadilika.

"Kikohozi. Tulidhani ni mzee wako."

"Baba alikuwa dukani anapima mchele! Nilikuwaga nakohoa mie."

"Ulikuwa unanikohoa mimi?"

"Wewe zaidi ya wote. Mgawanyo ulikushinda, maskini ya Mungu. Kuna siku nilikohoa mpaka mama akaniletea tangawizi."

Mzee Adelard alicheka, akataka kuacha, akashindwa, mpaka Nawal akachungulia kuona kuna nini. Hatimaye akatulia. Aliiona ile sebule kama alivyoiona siku zote, yenye ubao, taa ya karabai na wanaume wenye mashati ya kazi. Kisha kwa mara ya kwanza akaliona pazia.

"Sijawahi kuingia darasani mle kwa mlango wake," alisema Bi Wahiba. "Enzi za baba haikuwezekana. Baadaye ikawezekana, lakini nilikuwa na watoto na duka, nikawa nasema kesho. Kesho ikaja na hiki kiti. Azan anapiga simu kila Ijumaa. Kama nyumba yenyewe hainitaki mbele, na aiuze, nipumzike."

"Nipe nafasi nyingine," alisema Mzee Adelard. "Nyumba inakutaka. Tuliokukosea ni sisi."

Alirudi Temeke, akakaa kwenye baraza ya kulia mpaka wacheza bao wakamwonea wasiwasi. Kuivunja hakuweza hata kuifikiria. Alipapasa chokaa yake, palipolainika kwa makalio ya watu wengi, ndipo wazo likamjia kwamba kitu kikifunikwa hakijavunjwa. Mteremko ungeweza kupita juu ya baraza, ukapanda taratibu sambamba na ukuta hadi mlangoni, na baraza ikabaki chini yake nzima, imelala. Na kizingiti kisikatwe. Kiwekewe kabari za mbao, moja nje na moja ndani, zinazowekwa na kuondolewa.

"Jabiri!" aliita. "Njoo, na uje na kamba ya kupimia."

Jabiri alisikiliza, akakuna kichwa. "Sasa mzee, wewe si ndiye uliyenifukuza nilipotundika saa ya ukutani?"

"Nilikufukuza kwa sababu ya msumari. Hapa hakuna msumari. Kwanza tunajaribu tu, kwa viroba vya mchanga na mbao. Akipita vizuri, tutaomba kibali cha kujenga kweli."

Wakapanga viroba, wakalaza mbao juu yake. Mzee Adelard alileta blanketi zake mbili kuukuu ili mbao zisikwaruze ukuta. Moja haikuwa kuukuu sana, na Kokuberwa alilisema hilo mbele ya watu.

Bi Wahiba alikuja safari hii bila buibui jipya na bila miwani. Hakuna pilau, hakuna vigelegele; wacheza bao tu, waliosimama na kuvua kofia. Alizitazama mbao, akazigonga kwa mkono.

"Zitanibeba?"

"Jana zilimbeba Mama Gladness," alisema Mzee Adelard.

"Ushindwe na ulegee!" alisema Kokuberwa, na watu wakacheka.

Bi Wahiba akashika magurudumu, akaanza kupanda. Mbao zililia. Karibu na katikati alisimama, na kiti kikarudi nyuma kidogo. Mzee Adelard alinyoosha mikono.

"Usiguse!"

Akaikunja nyuma ya mgongo, akaibana kwa nguvu. Bi Wahiba alipumua, akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio, akaendelea. Alipofika mlangoni, alipitisha kiganja juu ya maua ya mlango wa baba yake, taratibu, kama anayempapasa mtoto aliyelala. Kisha akasukuma kwa nguvu, akavuka kizingiti, akashuka ndani.

Kwa muda hakuna aliyemfuata. Nje walisikia magurudumu yakizunguka chumbani. Halafu sauti yake:

"Adelard! Ubao ulikuwa wapi?"

Akaingia. Akamwonyesha ubao ulipokuwa, na madawati yalivyopangwa, na mahali alipokuwa akikaa yeye, nyuma kabisa, karibu na pazia. Bi Wahiba alikwenda kwanza mahali pa pazia, akapatazama. Kisha akageuza kiti, akaja kukaa mstari wa mbele, katikati.

"Haya," alisema. "Lete karatasi. Tuandike hiyo barua yako."

Wakaiandika palepale, kwenye meza iliyoazimwa kwa muuza chipsi. Mzee Adelard aliandika na kusoma kwa sauti. Ofisi ya majengo ya kale isingepokea ombi bila sahihi ya mwenye nyumba, na hilo wote wawili walilijua, ingawa hakuna aliyelitaja. Alipofika kwenye kiini cha ombi alisoma kwa mkazo: "Tunaomba kujengewa kibali cha mlango maalumu kwa ajili ya..."

"Futa," alisema Bi Wahiba. "Kwanza kibali hakijengwi. Pili, mie siombi mlango maalumu. Naomba mlango."

"Basi niseme nini?"

"Sema tunaomba kibali, mlango wa mbele wa nyumba ya Muhdhar upitike kwa kila mtu. Halafu eleza hilo wazo lako la kufunika baraza. Hilo zuri. Hapo usipunguze kitu."

Alifuta, akaandika. Alieleza namna baraza itakavyobaki nzima chini ya mteremko wa mawe na chokaa, na kizingiti kitakavyobaki mahali pake, na kabari zake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliandika barua ya kuomba nyumba ile iguswe.

Nawal alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. "Mama, ukitia sahihi hapo, Azan nimwambie nini?"

"Mwambie shangazi yake anajenga," alisema Bi Wahiba, akatia sahihi kwa herufi kubwa zilizonyooka.

Mzee Adelard alitia sahihi yake chini ya ile, ndogo zaidi kuliko alivyozoea. Akaikunja barua pamoja na mchoro wa Jabiri, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Hakumpa mtu mwingine aipeleke. Alitembea nayo mwenyewe hadi posta, akasimama kwenye foleni na koti lake, na zamu yake ilipofika akabandika stempu na kumkabidhi karani. Karani akaigonga muhuri na kuitupa kwenye mfuko wa barua zinazoondoka siku hiyo.