Lokesheni ya Guleid

"Lokesheni yangu ulimtumia nani?" Sauti ya Guleid ilipasua spika ya simu, nyuma yake ngamia wakinguruma. "Idman, nakuuliza. Ngamia wa watu wamejaa hapa kuliko maji."

Idman aliweka chini jerikeni aliyokuwa akiifukiza moshi ili maziwa yasichache.

"Yule wa bodaboda tu," alisema kwa sauti ndogo. "Kama kila siku."

Kila alfajiri kaka yake alimtumia lokesheni kutoka porini, mbele ya mji wa Balambala, naye akaipitisha kwa mwendesha bodaboda aliyekwenda kuchukua maziwa. Maziwa hayo ndiyo yaliyowalisha wote. Juzi Guleid alikuwa amepata silanga, bwawa dogo la mvua moja iliyopotea njia. Lingewatosha ngamia wake hadi mvua nyingine. "Usimwonyeshe mtu," alisema katika ujumbe wa sauti.

"Mzee wao amenionyesha simu yake," Guleid aliendelea. "Alama nyekundu ni hii hii, na juu yake kishale cha ujumbe uliosambazwa. Kesho hapa patabaki tope. Umetuuza, walaal, dada yangu mwenyewe."

Akakata.

Idman aliacha shule darasa la nne. Maneno aliyasoma polepole, lakini alama za simu alizijua. Fartun, aliyeuza maziwa kando yake sokoni, ndiye aliyemfundisha: tiki moja, ujumbe umeondoka, mbili, umefika, zikiwa buluu, umesomwa. Alifungua jina la Fartun. Upande wa kulia, upande wa maneno yake mwenyewe, palikuwa na ramani ambayo hakuituma. Tiki mbili za buluu.

Juzi mtandao ulisumbua. "Lete hiyo simu, abaayo, dada yangu," Fartun alimwambia, "utaibonyeza mpaka ilie." Idman akampa, wakacheka wote wawili.

Sasa Fartun alikuwa akimpimia mteja. Idman alimwonyesha skrini. Fartun aliitazama, akamaliza kumimina, akafuta mdomo wa kikombe kwa kidole.

"Shemeji yangu ndama wake wanakufa. Ningefanyaje?"

"Ungeomba. Guleid hajamfukuza mtu aliyekuja na salamu."

"Na angekataa? Maji ni ya Mungu, abaayo."

"Maji, ndiyo," Idman alisema. "Simu ni yangu."

Wauzaji wengine waligeuka. Hawakuwa wamewahi kuisikia sauti yake ikifika walipokaa. Aliona aibu, akavuta mtandio hadi kidevuni, akamtumia Guleid ujumbe wa sauti: "Si mimi, wallahi." Tiki moja.

Kesho yake alifukiza jerikeni kama kawaida. Ile tiki ilikuwa bado moja, na lokesheni ya alfajiri haikuja. Mwendesha bodaboda alipiga: "Dada, leo niende wapi?"

"Ngoja," alimjibu.

Jua lilipanda juu ya mabati. Wateja walikuja, wakachungulia jerikeni zilizonukia moshi mtupu, wakahamia kwa Fartun. Idman alifungua ramani. Ardhi ilikuwa kijivu kutoka pembe hadi pembe, bila alama, bila jina.

Kigoda cha Fartun kilikwaruza chini, kikasogea karibu.

"Guleid amehamia wapi?" aliuliza polepole.

Idman aliivuta simu kifuani, akaifunika kwa mtandio kwa mikono miwili, kana kwamba ndani yake kulikuwa na maji.