Fomu ya Kuacha Somo

Msimamizi wa mabweni alimpa mgeni chumba kizuri, mgeni akakikataa. Kilikuwa ghorofa ya tatu, dirisha linaangalia bustani, kitanda kimoja, godoro halijabonyea bado. Msimamizi, mama mtu mzima aliyezoea kuona wanafunzi wakitoana macho kwa vyumba vya namna hiyo, alivua miwani.

"Mwanangu, unajua unachokataa?"

"Najua, mama. Naomba namba kumi na nne, kule chini."

"Kule karibu na vyoo?"

"Hukohuko."

Mgeni huyo walimwita Kimbaumbau tangu shule ya msingi, kwa wembamba wake, na jina likamganda hadi chuoni. Kutoka chuo cha zamani hakuja na mengi: sanduku moja, barua ya uhamisho, na donge la mwaka mzima rohoni. Kwenye orodha iliyobandikwa ukutani alishaona nani anakaa namba kumi na nne. Ni Bibi Harusi.

Jina hilo nalo lilikuwa la utani. Kule chuo cha zamani walisomea wote upimaji wa ardhi, kazi ya jua na vumbi, lakini yule binti alikuwa akirudi kutoka porini na viatu vyeupe na kucha safi, utadhani anapelekwa kwa mume. Kimbaumbau ndiye aliyeinamia darubini kutwa kusoma vipimo. Mwenzake alikaa kivulini akinakili kwa mwandiko wa kupendeza. Walipoitwa na kamati ya nidhamu na kuulizwa kwa nini madaftari yao yanafanana mpaka nukta, Bibi Harusi ndiye aliyetangulia kulia. Kamati ikatazama daftari moja safi na jingine lenye udongo na makosa yaliyokatwa kwa mstari, ikaamua mwizi ni mwenye udongo. Kimbaumbau akarudishwa mwaka. Bibi Harusi akavigeuza vile vipimo kuwa ripoti, na ripoti ikamfungulia mlango wa chuo hiki kikubwa.

Hayo yote angeweza kuyameza. Kilichomkaa kooni ni maneno ya mama yake, fundi cherehani, aliyesikiliza kisa kizima bila kuacha kukanyaga mashine kisha akasema, "Kama uliiga, mwanangu, omba radhi yaishe." Kama uliiga! Mama mzazi! Siku ile Kimbaumbau aliapa kwamba Bibi Harusi atakiri kwa kinywa chake mwenyewe, mbele za watu, liwalo na liwe.

Kwa karani wa usajili alijaza masomo yake haraka haraka. Manne yalikuwa ya hiari, akaweka alama bila hata kuyasoma vizuri. La tano, upimaji wa vitendo, lilikuwa la lazima, na hapo karani, mzee mpole mwenye kikohozi, alimtaka asikilize.

"Wewe umepokelewa kwa masharti. Ukifaulu hili, ni wetu. Ukifeli, ndiyo kwaheri. Ukiliacha, uhamisho unasimama mpaka mwakani, na chumba unarudisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee. Na wanapangwa wawili wawili, siyo?"

"Kwa vyumba. Mhadhiri hataki mtu aje kumwambia hakumwona mwenzake. Na alama ni moja kwa wote wawili."

Habari ya vyumba alikuwa ameshaipata, ndiyo iliyompeleka karibu na vyoo. Habari ya alama moja hakuwa nayo. Aliondoka pale ameshika fomu zake.

Bibi Harusi alimpokea kwa kumkumbatia.

"Dada yangu! Afadhali umekuja. Nilikuwa nawaza nani atanisomea." Alisema bila hata kupepesa macho. "Ya zamani tuyaache. Wewe utasoma, mimi nitaandika. Alama si moja? Ukinibeba mimi, umejibeba na wewe."

Kwa wiki mbili Kimbaumbau alilala hatua mbili kutoka kwa adui yake, akimsikiliza akiimba huku anapaka rangi kucha. Akisoma, atakuwa amembeba tena mgongoni. Akigoma siku ya jaribio, wataanguka wote, na yeye ndiye atakayefukuzwa. Alijigeuza kitandani mpaka siku moja akaona mlango uliobaki wazi.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kubadili masomo. Saa tisa na nusu mchana alisimama dirishani kwa karani.

"Naweza kubadilishiwa mwenza, mzee?"

"Orodha ikishatoka, mhadhiri habadilishi hata akifiwa."

"Basi nipe fomu ya kuacha somo."

Karani alikohoa mpaka akafuta macho. "Binti, jaribio si Jumatatu? Hili somo huliwezi?"

"Naliweza hata usingizini."

"Sasa?"

"Fomu, mzee."

Alitia saini. Tuseme ukweli, alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri kuliko siku alipopata barua ya uhamisho. Habari hiyo hakuipeleka chumbani.

Jumatatu asubuhi alirudisha ufunguo, akaburuta sanduku lake hadi kwenye ngazi zinazotazama uwanja wa mazoezi, akakaa. Majina yaliitwa. Bibi Harusi aligeuka huku na huku.

"Mwenzako ameacha somo," mhadhiri alimwambia. "Utasoma mwenyewe. Mimi nitakushikia fimbo."

Alitembea hatua thelathini na ile fimbo ndefu yenye namba, akaisimamisha. Sasa darubini za zamani kama zile zina tabia yake: kila kitu ndani yake huonekana kichwa chini, miguu juu. Hata aliyeanza juzi anajua, husoma namba kutoka juu kwenda chini na maisha yanaendelea. Bibi Harusi aliinama, akafumba jicho moja, akakaa hivyo kitambo, kisha akainua kichwa.

"Mwalimu, umeishika vibaya. Igeuze fimbo."

Darasa zima likaangua kicheko. Mhadhiri hakucheka. Alirudi polepole, fimbo begani.

"Ripoti iliyokuleta hapa inasema ulisoma darubini kama hii miezi mitatu."

"Ile ilikuwa nyingine, mwalimu."

"Zote ziko hivi." Machozi yalipoanza, akainua mkono. "Utalia baadaye. Nani alisoma vile vipimo?"

Kidole chenye kucha safi kilielekea kwenye ngazi. "Yule. Vyote ni vyake. Mimi sijawahi kuchungulia humu."

"Hatujasikia huku nyuma," Kimbaumbau alisema.

Bibi Harusi akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kamasi zikimtoka. Kimbaumbau alisikia utamu ukimshuka hadi magotini.

Mhadhiri alimwongoza Bibi Harusi kwa mkuu wa idara, akaahidi kukiandikia chuo cha zamani siku hiyohiyo. Alipofika kwenye ngazi alisimama. "Na wewe, ungekuja kunieleza."

"Ungeniamini, mwalimu?"

Alitazama chini, akapita.

Kimbaumbau alimpigia mama yake simu akiwa bado amekaa pale. "Mama, amekiri. Mbele ya darasa zima. Vipimo vilikuwa vyangu."

Mlio wa cherehani ukakatika. "Nisamehe, mwanangu," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Niliogopa. Sikujua nimwamini nani." Akapenga kamasi. "Kwa hiyo sasa umekuwa wa chuo hicho? Unaendelea?"

"Mwakani, mama. Ilibidi niache somo ili abaki peke yake."

Cherehani ikaanza tena, polepole.

"Mwaka ule alikuibia yeye," mama alisema. "Na huu kakuibia nani?"

Kimbaumbau alitafuta majuto ndani yake, akayakosa. Alichokuta mle ni hamu ya kumsikia Bibi Harusi akirudia mara ya tatu.