Fulana Kumi na Mbili za Malkia wa Chumvi

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, mimi hufuta kioo cha skana kwa kitambaa kikavu, nawasha kompyuta, kisha nakunywa chai yangu nikiwa nimesimama, maana nikikaa tu simu huanza kuita. Asubuhi hiyo kikombe kilikuwa hakijafika mdomoni Wino alipotoka chumba cha nyuma na boksi begani.

"Mzigo wa wale wagonjwa wako wa filamu huu hapa," alisema. "Nimechapa huku nacheka mpaka mbavu zimeniuma."

Wino ndiye mpiga chapa wetu. Mimi nachora kwenye kompyuta, yeye anachapa. Faili ninaloliweka la mwisho kwenye folda ndilo lililokubaliwa na mteja, na ndilo analochapa, haulizi. Nilifungua boksi. Fulana za kijivu, kumi na mbili, taji la chumvi limekaa kifuani vizuri kabisa. Chini ya taji, badala ya BADO TUNAAMINI, paliandikwa BADO HATUJAKOMA.

Chai ilinimwagikia mkononi. Wala sikuisikia.

Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, jana yake. Oda ilikuwa ya kikundi cha mashabiki wa Malkia wa Chumvi, filamu ambayo sehemu yake ya tano ilikuwa ianze kuonyeshwa siku hii ya kuchukua fulana, saa kumi alasiri. Tatu za kwanza watu walizipenda hadi wakazikariri. Ya nne ilikuwa fedheha: Malkia aliyevuka jangwa zima kwa miguu yake, mara wakampa mbawa. Ikapita miaka tisa ya kimya. Halafu wakatangaza ya tano, na watu wazima, wengine wenye wajukuu, wakaanza tena kuhesabu siku.

"Hawa hawajakoma tu?" Wino aliniuliza jana hiyo, akisoma oda juu ya bega langu. Nami, ambaye katika ofisi ile sijawahi kumchekesha mtu, nikafuta neno moja nikaandika jingine. Wino aliegemea ukuta kwa kicheko. Nilisikia raha ambayo sikuizoea. Nikahifadhi faili, nikachukua mkoba, nikaenda zangu nyumbani bila kurudisha neno la mwanzo.

Nilichokuwa sijamwambia Wino ni kwamba mwenyekiti wa kikundi hicho ni mama yangu.

Mama hupiga pasi mashuka ya hospitali. Mikono yake ina joto hata akiwa likizo. Zile tatu za kwanza tuliziona pamoja kwenye kiti kimoja, mimi nimepakatwa. Baada ya ya nne nililia njia nzima, naye akaniambia, "Mtu wako akikosea mara moja humfukuzi nyumbani." Chuoni niliwahi kuyasimulia hayo. Wenzangu walicheka, na tangu hapo nikafunga mdomo. Alipoleta oda nilimwambia bila kumtazama, "Ukija kuchukua, Mama, tusijuane sana. Kazini hawapendi mambo ya undugu." Hakuna mtu kazini aliyewahi kuniambia hivyo.

"Sawa, mwanangu," alijibu. Aliagiza kumi na mbili, ingawa kikundi chao kina watu kumi na mmoja. Sikumuuliza.

"Wino," nilisema sasa, "zimebaki fulana za kijivu?"

"Hata ya dawa. Kwani vipi? Si ndivyo ulivyoweka?"

Kabla sijajibu mlango ulifunguliwa. Mama alitangulia, amevaa gauni lake la sherehe. Nyuma yake walikuja majirani zetu wawili, nesi mstaafu na kinyozi.

"Nimefunga duka," kinyozi alitangaza. "Leo hata bwana harusi aje, hanyolewi!"

"Hujambo, bi..." nesi alianza kunisalimu. Mama alimgusa kiwiko, naye akalimeza neno.

Mama alitoa fulana ya juu, akaikunjua, akasoma. Aliisoma muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji.

"Mmenifurahisha, ndugu zangu," Wino alisema. "Watu wanaojicheka wenyewe ni wachache siku hizi."

Mama aliniangalia. Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, kikatoka hiki: "Samahani sana, wateja. Nadhani mashine imechanganya."

"Mashine gani tena?" Wino alishangaa. "Si wewe mwenyewe jana..."

"Hakuna kosa," Mama alimkatiza. "Ndivyo tulivyoagiza." Aliivaa fulana ile juu ya gauni lake la sherehe, palepale, akainyoosha mabegani kama anayenyoosha shuka. "Kwani ni uongo? Tumekoma sisi?"

Kinyozi alitazama dari. Nesi akajibu polepole, "Hatujakoma."

"Basi." Mama alinigeukia na kuinamisha kichwa kidogo, kama mteja mwenye adabu. "Asante, dada. Kazi nzuri."

Dada. Nilikuwa nimemwomba tusijuane, naye alinitimizia mbele ya watu.

Walitoka, kinyozi amebeba boksi. Nikawafuata kwa macho kupitia dirishani. Kijana mmoja aliyepishana nao alisoma kifua cha Mama, akatabasamu. Mama akahamisha mkoba wake kutoka begani, akaukumbatia kifuani, juu ya maneno.

Nilisukuma kiti.

"Wamesahau risiti?" Wino aliuliza.

Nilitoka na kitambaa cha kufutia skana bado mkononi, nikakimbia, mimi ambaye hata basi huliacha liende kuliko kulipungia mkono. "Mama!" niliita. Kijana yule aligeuka. Wauza viatu wa ng'ambo ya barabara waligeuka. Nyuma yangu nilimsikia Wino mlangoni, "Mama? Mama yupi?"

Mama alisimama. Alimwona Wino, akaukaza mkoba kifuani. "Rudi kazini, dada," alisema kwa upole. "Usije ukapata matatizo bure."

"Mashine haikukosea," nilisema. Wino alikuwa akisikia. "Maneno nimeyaandika mimi, ili yule mwenzangu acheke. Na hakuna mtu kazini aliyekataza undugu. Nilikuonea aibu, Mama."

Nesi aliangalia viatu vyake.

"Na mimi naingojea hiyo filamu," nikasema. "Tangu walipoitangaza nahesabu siku, kimyakimya, naogopa watanicheka kama nilivyokucheka wewe. Ile fulana ya kumi na mbili, ilikuwa yangu. Nipe niivae."