Sherehe Juu ya Godoro la Watu

Sindano ya Mama Chiriku ilikuwa imezama nusu ndani ya godoro mtoto alipoingia bila hodi, bila salamu, bila neno. Hilo la mwisho ndilo lililomshtua. Msichana huyu wa miaka kumi na mmoja hakubandikwa jina la Chiriku bure. Tangu ajue kusema, nyumba ile haikuwahi kukaa kimya hata kwa muda wa kuchemsha maji.

"Wamefunga?" mama akauliza.

"Wamefunga. Mpaka watakapotangaza."

Homa iliyotajwa redioni kila asubuhi ilikuwa imefunga mipaka, ikafunga masoko, na sasa shule. Lori la Baba Chiriku lilikuwa limeegeshwa wiki ya sita. Magodoro matatu yaliegemea ukuta yakiwangoja wenyewe, na wenyewe hawakuja. Mle chumbani, pa kazi ndipo pa kulala, nyuzi za sufi zilielea polepole hewani, na mara nyingine Mama Chiriku aliona siku zenyewe zimekuwa vivyo hivyo: nyepesi, hazina pa kutua.

Chiriku akatoa karatasi kwenye begi, akaiweka juu ya cherehani kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. "Mwalimu kanipa getini. Hakuna sherehe ya zawadi. Nilikuwa nisome mbele ya wazazi wote."

Mama akajifuta mikono kwenye gauni. Akasoma taratibu, midomo ikichezacheza. Uandishi wa insha. Nafasi ya kwanza. Shule nzima.

Akarudia: shule nzima!

"Mwanangu!"

"Ya nini sasa, mama? Nifundishe kushona tu. Shule yenyewe haijulikani kama itafunguliwa."

Mama Chiriku alipokuwa darasa la tano, naye aliambiwa akae nyumbani kidogo. Kidogo kile kilikuwa hakijaisha mpaka leo.

Akaichomoa sindano, akakata uzi kwa meno. "Mwite baba yako. Na bibi, muamshe."

Akalivuta godoro kubwa kuliko yote, akalilaza katikati ya sakafu. Lilikuwa la bwana harusi mmoja ambaye ndoa yake imeahirishwa mara mbili.

"Mke wangu, hilo la watu!" Baba Chiriku akasema mlangoni.

"Akiuliza, nitamwambia limejaribiwa."

Baba akamtazama mkewe, akaitazama karatasi, akapotea nyuma ya pazia. Aliporudi alikuwa amevaa koti lake la pekee, na chini yake kaptura. "Mgeni rasmi amewasili," akatangaza. Bibi akaketishwa upande ambao sikio lake bado linasikia. Chai ikamiminwa. Mkate ukakatwa vipande vinne, ukanyunyiziwa sukari.

"Itifaki imezingatiwa," mgeni rasmi akaanza. "Ndugu wananchi, mimi shuleni hesabu nilipata mbili kwa mia. Na hizo mbili nilionewa huruma."

"Kasema nini?" bibi akauliza.

"Kasema alikuwa mjinga!" mama akamwambia sikioni.

"Hilo si nilikuwepo?"

Chiriku akacheka, kicheko kikamtoka puani pamoja na chai. Kisha, bila kuambiwa, akapanda juu ya godoro. Lilibonyea chini ya miguu yake, akayumba kidogo, akajiweka sawa, akafungua daftari.

"Mahali Upepo Unapolala," akasoma. "Upepo hauna mama wa kuuita ndani jioni. Hutembea tu, ukigonga milango ya watu, na watu husema, ni upepo tu, wasifungue..."

Sauti yake ilianza nyembamba, ikanenepa. Mama Chiriku alihisi chumba kikinyanyuka taratibu, kama shuka inapokung'utwa, kuta zikirudi nyuma kuupisha ule upepo. Baba alikuwa amefumba macho. Labda alikuwa barabarani, usukani mkononi, hakuna kizuizi mbele. Hata bibi aliacha kutafuna. Ndani ya insha upepo ulifika kwenye dirisha fulani lililosahauliwa wazi, ukaingia, ukajikunja, ukalala.

Wakapiga makofi, mikono sita ikijitahidi iwe shule nzima.

Walipotulia, makofi yakaendelea. Yalikuwa ya polepole, upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Wakatazamana. Ni mpangaji wa chumba cha pili. Tangu ahamie walimjua kwa kikohozi chake tu, na siku hizi kikohozi hicho kikisikika, kila mtu alijifanya ana kazi upande mwingine wa chumba.

"Mwanangu," sauti ya mzee ikasema, "pale mwanzo sikusikia vizuri. Nilikuwa bado kitandani. Ukiweza, nirudie."

Chiriku akamtazama mama yake. Mama Chiriku akamtazama mumewe, ambaye alikuwa anafunga kifungo cha koti. Baba akatikisa kichwa kukubali.

Mtoto akaugeukia ukuta na daftari lake. Kabla hajaanza, upande wa pili kikasikika kiti kikiburutwa, kikisogezwa karibu.